Kuunda jahazi mahali pasipo na bahari

Nyumba hujengwa, chombo huundwa. Tofauti ya maneno hayo mawili niliijua tangu shuleni, lakini sikuielewa hadi siku nilipoketi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu hapa Kitengela, nimeshika ubao mwembamba kama ukucha, nikiubembeleza ukubali kujipinda. Ulikuwa ubao wa tano kutoka mkukuni, ule uti wa chini wa chombo. Mbao nne za kwanza zilikuwa zimekaa vizuri. Huu wa tano ulivunjika mara tatu.

Jahazi ninaloliunda lina urefu wa sentimita 60. Sentimita moja mezani ni sentimita 20 baharini, kwa hiyo la kweli lingekuwa na mita 12, chombo cha kadiri cha kubebea mchanga na boriti kati ya Lamu na visiwa vya jirani. Ubao wa inchi moja kwangu unakuwa milimita moja na robo. Hakuna duka la Kitengela linalouza ubao wa unene huo, wala sijaona haja ya kulitafuta. Kando ya barabara ya kwenda Namanga mafundi wa fanicha wanaranda vitanda na milango kutwa, na jioni mabaki yanachukuliwa kuni. Humo mna saipras, mna mkangazi, na siku ya bahati mna kipande cha mvule. Fundi mmoja huniwekea gunia langu kila wiki. Mwanzoni alidhani nafuga kuku, nataka maranda ya kutandika bandani. Siku nilipompelekea jahazi likiwa mifupa mitupu alizima mashine, akalishika kwa mikono miwili, kisha akawaita vijana wake wote waje waone.

Nirudi kwenye ubao wa tano, maana ndio ulionifundisha kazi. Mbao za chini hulala karibu bapa, lakini kadiri unavyopanda ubavuni ndivyo ubao unavyotakiwa kufanya mambo mawili kwa pamoja: kujipinda kufuata tumbo la chombo, na kujisokota ili ncha yake isimame wima inapokutana na fashini ya mbele, ule mti unaosimama kwenye omo. Nilikuwa nauloweka kwenye maji ya moto dakika 20, nauzungusha kwenye sufuria yenye joto, naubana kwa vibanio vya nguo, na kila mara ulikatika palepale, shubiri moja kutoka gubetini, kwenye ncha ya mbele. Ilinichukua wiki nzima kugundua kwamba kosa halikuwa kwenye maji wala kwenye mikono. Nilikuwa nimeukata kwa msumeno, na msumeno haujali nyuzi za mti zinaelekea wapi. Nyuzi zilikuwa zinatoroka upande, na palipotorokea ndipo palipokatika. Nikachukua kipande kingine, nikakipasua kwa patasi kufuata nyuzi zenyewe, nikakipunguza kwa randa na msasa. Kilijipinda kama kimesikia jina lake likiitwa.

Jambo la pili nilifundishwa na Kajiado yenyewe, kaunti yetu. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Januari hapa hukausha hata midomo. Nilikuwa nimetoka pwani na kipande kizuri cha msaji, nikakata mbao siku ileile nilipofika, nikazigandisha kwa gundi, nikaridhika. Usiku wa tatu nilisikia mlio kibandani, ta! kama mtu amevunja kijiti. Asubuhi nilikuta ufa umeshuka ubavuni. Ubao uliozoea hewa ya bahari umejaa unyevu, na ukiletwa nyanda hizi hunywea kwa upana, si kwa urefu, na gundi ikikataa kuuachia huchanika. Sasa mbao hukaa kibandani miezi mitatu kabla sijazigusa. Mafundi wa pwani wanalijua jambo hili kinyumenyume: chombo kilichokaa juu ufukweni kwa muda hufunguka viungo, na ndiyo sababu ya kalafati, pamba iliyotiwa mafuta na kushindiliwa katikati ya mbao kabla hakijarudi majini.

Watu huniuliza: mtu wa bara na jahazi, wapi na wapi? Swali si baya. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 400. Lakini Kajiado haijawahi kuwa ngeni kwa bahari. Reli inayotoka Konza kwenda Ziwa Magadi inapita mjini Kajiado, na kwa miaka mingi imebeba magadi kuyapeleka bandarini Kilindini. Na kazi za mikono zinazozaliwa mbali na malighafi zake si jambo jipya katika nchi hii. Uchongaji wa vinyago wa Wakamba, uliojaza maduka ya Mombasa, ulianzia Wamunyu, Ukambani, kwa mtu mmoja, Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hata Kitengela yetu ilijulikana kwa vioo kabla ya kujulikana kwa ploti: kwenye nyanda zinazopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi mafundi wamekuwa wakiyeyusha vioo vilivyotupwa na kupuliza vyombo vipya. Ndugu zetu wa Mauritius, katikati ya bahari hiihii ya Hindi, wameigeuza kazi ya meli ndogo kuwa ajira: huko kuna karakana zinazounda mifano ya meli za kale kwa kufuata michoro yake, na watalii wanaondoka nayo.

Hata hivyo, mimi siundi ili kuuza. Naunda kwa sababu ya mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha Waswahili kabla ya majahazi tunayoyajua. Haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilitobolewa kingoni, zikashonwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, na tundu zikazibwa kwa vijiti. Tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne, na omo yake ndefu ilichongoka mbele kama shingo ya mnyama. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vimetajwa na mwandishi wa Kigiriki aliyeandika habari za bandari ya Rapta katika karne ya kwanza. Mitepe ya visiwa vya Lamu ilibeba boriti hadi Unguja, na bado ilikuwepo mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha ikaisha. Mwaka 1941, James Hornell, mtafiti wa vyombo vya majini, alipochapisha makala yake kuhusu mtepe na dau la Lamu, alikuwa anaandika habari za chombo kilichokwisha kutoweka.

Tunaujuaje leo, basi? Kwa picha chache, kwa maandishi ya watu kama Hornell, kwa michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye kuta za magofu ya pwani, na kwa mifano. Wapo watu waliokaa chini wakauunda mtepe mdogo wa kuweka mezani, wakaushona kwa uzi kama ulivyoshonwa mkubwa. Zanzibar walipoamua kuunda mtepe wa ukubwa kamili kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, mwanzoni mwa miaka ya 2000, hapakuwa na hata mmoja uliosalia baharini wa kuigwa. Chombo kikubwa kilikufa, kidogo kikabaki kutoa ushahidi. Ndiyo maana nakasirika mtu anapokiita kitu hiki pambo la sebuleni.

Ila ushahidi unaweza kuwa wa uongo. Angalia majahazi madogo yanayouzwa kwenye maduka ya zawadi. Mengi yana mlingoti uliosimama wima kama wa bendera, na mengine umelalia nyuma. Mlingoti wa jahazi huinamia mbele. Si kwa urembo. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, hutundikwa kwa henza, kamba ya kuipandishia, na chombo kinapogeuzwa upepo ukiwa nyuma, mabaharia husimamisha foromali na kuizungusha upande wa pili kupitia mbele ya mlingoti. Mlingoti ukiinama mbele, nafasi inapatikana. Ukisimama wima, hakuna pa kupitia. Mfano wenye mlingoti wima unamwambia mtazamaji kwamba mababu zetu walivuka bahari kwa chombo kisichogeuka.

Kwa hiyo najitahidi kusema kweli katika vitu vidogo. Foromali yangu si mti mmoja, ni vijiti viwili vilivyofungwa pamoja, kama ilivyo kawaida pwani, kwa kuwa mti mmoja wa urefu huo ni shida kupatikana. Tanga ni kitambaa cha marekani, kile cha pamba kisichopaushwa ambacho jina lake limebaki tangu kilipoletwa na merikebu za Wamarekani karne ya 19. Nilikikata vipande vyembamba nikavishona ubavu kwa ubavu, maana tanga halikatwi kwenye kitambaa kimoja, halafu nikakichovya kwenye chai ya rangi kipate sura ya jua na chumvi. Gofia, ile kapi ya kupitishia henza, niliichonga mara nne hadi gurudumu lake likazunguka. Hakuna atakayeliona likizunguka. Linazunguka.

Kilichonishinda ni michoro. Waingereza wa karne ya 17 waliunda mifano ya meli zao za kivita kwa kipimo, mbavu zikiachwa wazi, na mingi imehifadhiwa na makumbusho ya Greenwich hadi leo. Mtu anaweza kuisoma kama kitabu. Jahazi halina kitabu hicho. Mafundi wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo kisiwani Lamu, hawachori. Kipimo kiko machoni na mkononi, na hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa mwana kushika upande wa pili wa ubao. Nilipomuuliza mzee mmoja wa huko taruma la katikati, yaani ubavu, liwe na upana gani, alinitazama kwa huruma akasema, “Mwanangu, chombo chenyewe kitakwambia.” Niliondoka nikidhani amekataa kunijibu. Mbao za tano zilipokaa pande zote mbili, nikaona kwa macho yangu mahali tumbo lilipotaka kupanuka, nilitamani nimpigie simu saa ileile.

Elimu ya namna hiyo ina nguvu. Fundi Ali Skanda na wenzake walipounda Flipflopi, chombo cha mita tisa cha plastiki iliyookotwa, walikuwa na kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kukiranda kabla yao, na bado mikono iliyozoea mti ilijua la kufanya. Kilishushwa majini Lamu mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri kwa tanga hadi Unguja. Lakini elimu hiyohiyo, mwenye nayo akifa bila mtu wa kushika upande wa pili wa ubao, inazikwa naye. Vijana wa Lamu wanataka boti za faiba na mashine, na siwalaumu, maana wana watoto wa kulisha.

Nenda Fort Jesus, Mombasa, uone vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Ili kujua ilivyoundwa, wapiga mbizi walifanya kazi kati ya 1977 na 1980, wakipima ubao mmoja mmoja kwenye tope chini ya maji. Hiyo ndiyo gharama ya kuuliza kwa kuchelewa. Jahazi bado lina watu wa kuulizwa. Kama kwenu au kwa jirani yako yuko mzee aliyewahi kuvuta henza au kushika tezo, iwe Lamu, Vanga au hapa Kitengela alikohamia kwa mwanawe, keti naye wikendi hii na daftari. Mwombe akutajie sehemu za chombo kuanzia mkuku hadi ncha ya foromali, na uyaandike majina kama anavyoyatamka yeye.