Kodi tatu za gitaa zinatosha, kazi ni kuijua njia panda

Na Mwandishi Wetu, Tinde

WENGI wanaoanza kujifunza kupiga gitaa hukata tamaa mapema kwa kudhani kwamba ni lazima wakariri mamia ya mikao ya vidole kabla ya kuweza kusindikiza wimbo mmoja.

Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nyimbo zinazoimbwa makanisani, harusini na katika kumbi za burudani zinaweza kusindikizwa kwa kodi tatu tu. Ikiongezwa ya nne, orodha ya nyimbo hizo hurefuka zaidi.

Kodi inayozungumzwa hapa si ile inayokusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Katika lugha ya wanamuziki, kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja. Kodi zinapofuatana kwa mpangilio maalumu hutengeneza mlolongo unaoubeba wimbo tangu mwanzo hadi mwisho.

Katika mji mdogo kama Tinde, mkoani Shinyanga, suala hilo si la anasa. Kwaya au kikundi cha vijana kinaweza kumtegemea mpigaji mmoja tu, na iwapo mpigaji huyo ameukariri wimbo katika mkao mmoja, waimbaji wote hulazimika kumfuata hata pale sauti inapokuwa juu mno kwao.

Matokeo yake ni waimbaji kukaza shingo, wazee kunyamaza katikati ya ubeti na wimbo mzuri kuharibika. Njia rahisi ambayo baadhi ya vikundi huikimbilia ni kuliweka gitaa pembeni na kuwasha kinanda cha umeme chenye midundo iliyokwisha kupangwa kiwandani, hali inayofanya wimbo mmoja usikike sawa na mwingine.

Sauti saba ndani ya kodi tatu

Aliyekulia katika kwaya tayari anao msingi wa somo hili, kwa kuwa nyimbo nyingi za kwaya nchini hufundishwa kwa tonika solfa, yaani do, re, mi, fa, so, la na ti.

Kodi ya kwanza hujengwa juu ya do, nayo ina sauti za do, mi na so. Ya pili hujengwa juu ya fa, ikiwa na fa, la na do. Ya tatu hujengwa juu ya so, ikiwa na so, ti na re.

Ukizichanganya kodi hizo tatu utagundua kuwa hakuna hata sauti moja kati ya zile saba iliyoachwa nje. Hiyo ndiyo siri ya nguvu yake. Sauti yoyote ambayo mwimbaji ataishika, mradi haitoki nje ya ngazi hiyo, itapata angalau kodi moja ya kuipokea.

Kwa kuwa do ni sauti ya kwanza katika ngazi, fa ni ya nne na so ni ya tano, wanamuziki huzitaja kodi hizo kwa namba: moja, nne na tano. Mazoea ya kuhesabu hivyo ndiyo yanayomtofautisha mpigaji anayeuelewa wimbo na yule aliyekariri vidole.

Mfano wa njia panda

Jiografia ya Tinde inasaidia kueleza namna kodi hizo zinavyofanya kazi. Hapo ndipo barabara inayotoka Nzega inapogawanyika, moja ikielekea Shinyanga na Mwanza, nyingine ikielekea Isaka, Kahama na hatimaye mpaka wa Rwanda kule Rusumo.

Kodi namba moja ni nyumbani. Wimbo huanzia hapo mara nyingi na msikilizaji hutulia unaporejea hapo. Namba nne ni safari, kwani sikio husikia kuwa wimbo umeondoka ingawa bado hauna haraka ya kurudi.

Namba tano ndiyo njia panda. Ndani yake mna sauti ya ti, ambayo iko nusu hatua tu chini ya do na hutamani kupanda kwenda huko. Mpigaji akiongeza sauti ya fa katika kodi hiyo, msukumo huzidi, kwa sababu fa nayo hutaka kushuka hadi mi. Kodi hiyo yenye sauti nne huitwa so saba, nayo hutumika sana kufunga beti za nyimbo za kanisani.

Msikilizaji anapoisikia namba tano hutarajia kurudi nyumbani. Hapo ndipo mpigaji anapokuwa na uamuzi wa kufanya: ama amtimizie matarajio hayo, ama akate kona ya pili.

Kona hiyo ni kodi ya la, yaani namba sita, yenye sauti za la, do na mi. Ni kodi ya aina ambayo wanamuziki huiita maina, na mlio wake una huzuni. Kwa kuwa inashirikiana na kodi ya do katika sauti mbili, do na mi, wimbo hausikiki kuwa umepotea. Husikika kana kwamba umefika karibu na nyumbani lakini haujaingia ndani.

Kodi zile zile, mitindo tofauti

Historia ya gitaa katika ukanda huu inaonyesha kuwa uchache wa kodi haujawahi kuwa umaskini wa muziki.

Mwaka 1952, mtafiti Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Katanga, akiimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu peke yake. Kwa kidole gumba alishika besi, na kwa kidole cha shahada akapitisha sauti za juu, kiasi kwamba wimbo wake wa Masanga husikika kama kazi ya watu wawili. Upya wa muziki huo ulitokana na namna alivyozichambua kodi chache, uzi mmoja baada ya mwingine.

Santuri za Kuba, ambazo zilianza kusambazwa chini ya herufi GV katika miaka ya 1930 na kuvuma sana Afrika, nazo zilileta milolongo mifupi ya moja, nne na tano inayozunguka bila kuchosha. Ushawishi huo ulionekana hata katika majina ya bendi, kama ilivyokuwa kwa Cuban Marimba ya Morogoro iliyoongozwa na Salum Abdallah hadi alipofariki dunia mwaka 1965.

Kwa mkoa jirani wa Tabora, bendi ya Tabora Jazz ilijipatia jina kwa mtindo wake wa Segere Matata. Western Jazz ilikuwa na Saboso, NUTA Jazz ikawa na Msondo, na Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978 ikaja na Sikinde.

Milolongo ya kodi ya bendi hizo ilifanana kwa kiasi kikubwa. Kilichozitenganisha ni mapigo, mwendo wa besi na namna magitaa ya solo na ridhimu yalivyopokezana. Wimbo unapoingia katika chemko, ile sehemu ya kuchezesha, kodi mbili au tatu zinaweza kuzunguka kwa dakika kadhaa na bado watu wasikae chini.

Namna ya kubadilisha

Njia ya kwanza ya kubadilisha mlolongo ni kuchezea muda. Chukua vipande vinne vyenye mapigo manne kila kimoja. Moja, moja, nne, tano huchelewesha safari. Moja, nne, moja, tano hurudi nyumbani katikati. Moja, nne, tano, nne hauna pumziko, kwa hiyo unafaa kwa wimbo wa kucheza. Kodi ni tatu zile zile, lakini mwendo umekuwa wa aina tatu.

Njia ya pili ni kuingiza namba sita. Wimbo wa Stand by Me wa Ben E. King, uliotoka mwaka 1961, huanzia moja, ukaenda sita, kisha nne na tano kabla ya kurejea moja. Mlolongo wa No Woman, No Cry wa Bob Marley hupitia moja, tano, sita na nne. Kodi ni nne zile zile, ila mpangilio umegeuzwa, na nyimbo hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Mpigaji anaweza pia kuanzia sita: sita, nne, moja, tano. Hapo wimbo hupata sura ya majonzi bila kuongezwa kodi yoyote mpya.

Njia ya tatu ni kubadilishana kodi zinazoshirikiana sauti mbili. Kodi ya re, yenye re, fa na la, inaweza kushika nafasi ya namba nne kwa sababu zote mbili zina fa na la. Kwa kanuni hiyo hiyo, kodi ya mi, yenye mi, so na ti, inaweza kusimama kwa muda mfupi mahali pa namba moja au tano.

Njia ya nne ni kuigeuza besi. Badala ya kuruka kutoka moja kwenda tano kisha sita, besi inaweza kushuka ngazi kwa ngazi, do, ti, la, wakati kodi za juu zikibaki vilevile. Ti ipo tayari ndani ya kodi ya so, hivyo kinachobadilika ni sauti gani imewekwa chini kabisa. Mwendo huo unasikika katika No Woman, No Cry.

Njia ya tano huwafaa wenye magitaa mawili. Mmoja akishika kodi karibu na kichwa cha gitaa, mwingine aishike kodi ile ile juu zaidi kuelekea kwenye kasha, na apige katika nafasi ambazo mwenzake amenyamaza. Wakipiga mkao mmoja kwa pigo moja, gitaa la pili halina kazi.

Kumwokoa mwimbaji

Faida kubwa ya namba huonekana pale ufunguo unapotakiwa kubadilishwa. Katika ufunguo wa G, namba moja, nne na tano ni G, C na D. Katika D ni D, G na A. Katika A ni A, D na E. Katika C ni C, F na G.

Anayefahamu kuwa wimbo unakwenda moja, nne, moja, tano anaweza kuuhamisha kutoka D kwenda C ndani ya dakika moja, kwa kuambiwa tu kuwa sauti imewapanda waimbaji.

Kikwazo kwa wanafunzi wengi ni F, kwa kuwa kidole cha shahada hulazimika kulala na kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja. Dawa yake ni kapo, kibanio kinachofungwa shingoni mwa gitaa. Kila nafasi kati ya freti na freti hupandisha sauti kwa nusu hatua, na nafasi 12 hukamilisha ngazi nzima.

Kapo ikifungwa nafasi ya pili, mikao ya G, C na D hutoa sauti za A, D na E. Ikifungwa nafasi ya tano, mikao hiyo hiyo hutoa C, F na G, na ile F ngumu ikawa imepatikana kwa mkao mwepesi wa C. Asiye na kapo anaweza kutumia kalamu ya risasi iliyobanwa juu ya nyuzi kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kitu kisichokosekana katika mkoa wa Shinyanga.

Ikumbukwe kuwa kapo hupandisha tu, haishushi. Mpigaji anayetaka kushusha sauti lazima kwanza ahamie ufunguo wa chini, kisha aangalie kama anahitaji kapo.

Tahadhari

Si kila badiliko ni zuri. Anayetawala ni mwimbaji, na kodi humfuata yeye. Iwapo sauti ya re inashikiliwa kwa mapigo manne, kodi ya do itagongana nayo, wakati kodi ya so itaipokea kwa kuwa re imo ndani yake. Kabla ya kubadilisha kodi yoyote, mpigaji aiulize sauti ndefu iliyopo mahali hapo.

Vilevile, nyimbo nyingi za ngoma hazikutungwa kwa mwendo wa kuondoka nyumbani na kurudi. Huzunguka juu ya sauti chache, na nguvu yake imo katika kupokezana kwa waimbaji na mapigo. Kuzilazimisha zipite moja, nne na tano huweza kuziondolea ladha. Wakati mwingine kodi moja, au nyuzi mbili tu zinazopigwa kwa mpigo thabiti, hutosha.

Kwa anayeanza, ratiba inayofaa ni mlolongo mmoja kwa wiki nzima. Siku za kwanza apige polepole huku akihesabu kwa sauti, bila kusimama pale kidole kinapokosea, kwa sababu waimbaji nao hawasimami. Baadaye auhamishe mlolongo huo katika ufunguo wa pili na wa tatu, na mwishoni mwa wiki abadilishe sehemu moja tu kwa kuingiza namba sita.

Gitaa lenye kodi tatu linaweza kushusha wimbo kwa ajili ya mzee mwenye sauti nzito, kuupandisha kwa ajili ya binti wa sauti ya kwanza, au kumsubiri kiongozi wa kwaya anaporefusha neno. Kazi hiyo haimo katika midundo iliyopangwa kiwandani, na vikundi vinavyoliacha gitaa kwa kuogopa wingi wa kodi huipoteza bila sababu.