Vyungu vya Pueblo: sokoni jina ndilo mtaji

Kila mwezi wa Agosti mji wa Santa Fe, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, hujaa wanunuzi wa sanaa. Wasanii wapatao elfu moja wa jamii za asili za Amerika Kaskazini hupanga bidhaa zao kuuzunguka uwanja wa katikati ya mji, na kwenye vibanda vya wafinyanzi mashuhuri foleni huanza kabla ya jua kuchomoza. Chungu kimoja cha mfinyanzi mwenye jina huuzwa kwa maelfu ya dola. Msanii hulipia kibanda, hutaja bei mwenyewe, na fedha huingia mfukoni mwake.

Soko hilo, Indian Market, lilianzishwa mwaka 1922, na ndilo kipimo kizuri cha afya ya biashara ya vyungu vya Pueblo. Biashara hii ingeweza kufa zamani. Imedumu kwa sababu wafinyanzi wake walikataa kushindana kwa urahisi wa bei, wakashindana kwa jina, ubora na asili ya udongo wao.

Wapueblo ni jamii za wakulima wa mahindi wanaoishi katika vijiji 19 vyenye serikali zao huko New Mexico, pamoja na ndugu zao Wahopi wa Arizona. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wamefinyanga vyungu vya kupikia, mitungi ya maji na magudulia ya kuhifadhia nafaka. Reli ilipofika Santa Fe mwaka 1880 ilileta mambo mawili kwa mpigo: sufuria za bati, zilizoking'oa chungu jikoni, na watalii waliotaka kurudi kwao na kumbukumbu. Soko la zamani likafa na jipya likazaliwa ndani ya kizazi kimoja.

Njia ya kwanza ya kulihudumia soko hilo ilikuwa wingi. Kijiji cha Tesuque kilifinyanga sanamu ndogo za udongo zilizonunuliwa na walanguzi wa Santa Fe kwa bei ya kutupa, kisha zikauzwa miji ya mbali bila jina la aliyezitengeneza. Faida ilibaki kwa mlanguzi.

Njia ya pili ilionyeshwa na Nampeyo, mfinyanzi wa kijiji cha Hano katika nchi ya Wahopi. Mwishoni mwa karne ya 19 alichunguza vigae vya magofu ya Sikyatki, mji wa wahenga uliokuwa umehamwa karne nyingi kabla, akafufua maumbo na michoro yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1905 kampuni ya Fred Harvey, iliyokuwa na hoteli na maduka kando ya reli, ilimwalika kufinyanga mbele ya wageni katika jengo lake jipya la Hopi House, ukingoni mwa bonde kuu la Grand Canyon. Kampuni ilivuna wateja. Nampeyo naye alivuna kitu ambacho mfinyanzi wa Pueblo hakuwahi kuwa nacho: mnunuzi aliyekuja akimtafuta yeye. Wajukuu na vitukuu wake wanaendeleza kazi hiyo, na jina lake bado linapandisha bei.

Aliyeligeuza jina kuwa mfumo mzima wa biashara ni Maria Martinez wa kijiji cha San Ildefonso, kaskazini mwa Santa Fe. Yeye alifinyanga na kung'arisha, na mumewe Julian alichora. Takriban mwaka 1919 wawili hao walipata mtindo wa weusi juu ya weusi: chungu cheusi kinachong'aa kama kioo, chenye michoro myeusi isiyong'aa. Katikati ya miaka ya 1920 Maria alianza kutia jina lake kwenye kitako cha chungu. Wanunuzi walilitaka jina hilo kuliko umbo lenyewe, na bei ikapanda. Maria hakuificha siri ya mtindo. Aliwafundisha jamaa na majirani, na ufinyanzi ukawa tegemeo la kipato katika kijiji kilichokuwa maskini. Alipofariki mwaka 1980 alikuwa amejenga ukoo wa wafinyanzi, wakiwemo mwanawe Popovi Da, aliyefungua duka la familia kijijini mwaka 1948, na mjukuu wake Tony Da.

Kwa nini bei iko juu? Jibu liko kwenye gharama za uzalishaji, ambazo nyingi ni muda na hasara. Udongo huchimbwa kwa mkono katika machimbo ambayo familia huyatunza na mara nyingi huyaficha, na huchukuliwa kwa sala, kwa kuwa kwao udongo ni mama. Hukaushwa, hulowekwa, huchujwa, kisha huchanganywa na kitu cha kuuzuia usipasuke. Vijiji vya San Ildefonso na Santa Clara hutumia majivu ya volkano. Acoma husaga vigae vya vyungu vya zamani, hivyo chungu kipya hubeba ndani yake vya mababu. Taos na Picuris udongo wao una ulanga wa asili, ndiyo maana vyungu vyao humetameta na vinafaa kupikia maharage.

Gurudumu halitumiki. Mfinyanzi hupandisha kuta kwa mapindi ya udongo, hukwangua kwa kipande cha kibuyu, kisha hupaka rojo la udongo na kung'arisha kwa jiwe laini la mtoni. Jiwe hilo hurithiwa; bibi humwachia mjukuu, na kulipoteza ni hasara isiyo na duka la kuifidia. Ung'arishaji wa chungu kikubwa huchukua saa nyingi na hauna nafasi ya kupumzika, maana rojo likikauka kabla ya kazi kuisha, huanzwa upya.

Mwisho ni moto, na hapo ndipo mtaji wote huwekwa rehani. Vyungu hupangwa uwanjani juu ya wavu wa chuma, hukingwa kwa mabati na sinia kuukuu, huzungushiwa kuni na samadi iliyokauka ya ng'ombe, kisha huwashwa. Kwa vyungu vyeusi, moto ukishakolea humwagiwa samadi ya farasi iliyosagwa hadi ukafunikwa kabisa. Hewa hukosekana, na chuma kilichomo kwenye rojo jekundu hugeuka cheusi. Unyevu mdogo uliobaki ukutani, au upepo wa ghafla, hutosha kukipasua chungu cha majuma kadhaa ya kazi. Anayenunua kilichonusurika hulipia pia vile vilivyopasuka.

Mauzo hupitia njia kuu tatu. Maonyesho kama Indian Market humpa msanii bei kamili, lakini hutokea mara chache kwa mwaka. Nyumba za sanaa huuza mwaka mzima na kutangaza jina, ila hukata sehemu kubwa ya bei, mara nyingi hata nusu. Njia ya tatu ni baraza ya ikulu ya kale ya magavana, Santa Fe, ambako wauzaji hupiga kura kila asubuhi kugawana nafasi. Masharti ni makali: bidhaa iwe imetengenezwa na muuzaji mwenyewe au watu wa nyumbani kwake, na iwe na alama ya mtengenezaji. Wauzaji wenyewe hushiriki kuyasimamia. Mwaka 2020, janga la korona lilipofunga maonyesho, Indian Market ilihamia kwenye intaneti, na wengi wakajifunza kuuza moja kwa moja kwa mteja.

Adui mkubwa ni bidhaa bandia. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1990 inakataza kuuza kazi kwa kudai uongo kuwa imetengenezwa na watu wa jamii za asili, na adhabu ya kosa la kwanza inaweza kufikia faini ya dola 250,000 na kifungo cha miaka mitano kwa mtu binafsi, au faini ya dola milioni moja kwa kampuni. Lakini vipo pia vyungu vilivyomiminwa kiwandani kwa kalibu na kuchorwa tu na mkono wa Mpueblo. Si haramu iwapo mnunuzi ataambiwa ukweli. Asipoambiwa, anayeumia ni mfinyanzi wa mkono jirani yake.

Tundu lingine ni mauzo ya marudio. Chungu cha Maria Martinez kilichouzwa zamani kwa dola chache leo hufikia makumi ya maelfu mnadani, na ukoo wake haupati hata senti. Marekani haina sheria ya kitaifa inayompa msanii sehemu ya bei kazi yake inapouzwa tena. Kenya iliiweka haki hiyo katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019, kwa asilimia 5. Katika hili ukoo wa mfinyanzi unastahili sehemu yake, na hoja hiyo ni nzito.

Kizazi cha sasa kinapanua soko. Diego Romero wa kijiji cha Cochiti huchora kwenye bakuli visa vya mashujaa kwa mtindo wa katuni. Virgil Ortiz, naye wa Cochiti, ameunganisha udongo na mitindo ya mavazi, akashirikiana na mbunifu Donna Karan. Rose B. Simpson wa Santa Clara alilichora gari la Chevrolet la mwaka 1985 kwa weusi juu ya weusi, akalipa jina la Maria. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilionyesha vyungu vilivyochaguliwa na kuelezwa na Wapueblo wenyewe.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya vyungu hivi inaongeza sharti: chema humtajirisha anayelishika jina lake na mlango wa kukiuzia. Udongo upo na wanunuzi wapo. Kazi iliyobaki ni ya watunga sheria, wenye minada na wanunuzi: kuuliza chungu kimefinyangwa na nani, kimechomwa vipi, na fedha inakwenda kwa nani, kabla ya kutoa pochi.