Kabla ya Kuvika Nyumba Mapipa, Uliza Yalibeba Nini

Kila tukija kwenu tunaulizwa swali hili: "Udongo unabomoka na mvua, mawe hatuna pesa, mbao mchwa wanamaliza. Sasa kuta tuzizibe na nini?" Na mara nyingi jibu mnalo tayari kando ya barabara. Kuna mapipa yaliyopasuliwa na kunyooshwa, mabati yaliyong'olewa mahali pengine, madebe, na siku hizi hata mbao za plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa. Bei yake ni nafuu, na si jambo la kuonea haya. Lakini kila kimoja cha vitu hivi kilikuwa na kazi nyingine kabla ya kufika kwenu, na kazi hiyo huacha alama.

Sisi wenyewe tulikosea. Miaka kadhaa iliyopita kikundi cha akina mama huko kaskazini kilichanga pesa zao za kuzungushiana kwa miezi saba ili kumjengea mjane mwenzao chumba kimoja. Likapita lori lenye mapipa ya bei rahisi. Wakatuuliza, tukasema chukueni tu. Hakuna aliyeuliza yalikuwa yamebeba nini. Yakapasuliwa, yakapigiliwa, nyumba ikapendeza. Kumbe jua la saa nane lilipozipiga zile kuta, harufu ya dawa ya kuogeshea mifugo ikajaa chumbani. Yule mama alilala nje na watoto wake wiki mbili, kisha kuta zikang'olewa. Pesa za miezi saba zikaenda hivyo. Yeye hakutulaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililotuuma zaidi.

Basi siku hizi tunaanza na swali hilo. Pipa lililobeba mafuta ya kupikia au mafuta ya injini linafaa, mradi lioshwe vizuri kwa sabuni na mchanga. Pipa la lami kutoka kambi ya watengeneza barabara linafaa pia, lakini ikwangueni lami yote, maana ikipata joto hutiririka, na ikipata moto huwaka vibaya. Pipa la dawa ya shamba, dawa ya mifugo au kemikali ya kiwanda msilichukue hata kwa bure. Sumu ikishaingia kwenye kutu na mikunjo ya chuma, hamtaimaliza kwa kuosha. Na kama maandishi yamekwanguliwa na muuzaji hajui yaliyokuwa ndani, mwacheni na mapipa yake.

Neno jingine juu ya mapipa, na hili ni la kuokoa maisha. Pipa la petroli lililo tupu ni hatari kuliko lililojaa. Mvuke hubaki ndani, na fundi akilikata kwa moto wa kuchomelea, linalipuka. Hata cheche za tindo na nyundo zinaweza kuuwasha. Nunueni yaliyokwisha kufunguliwa. Kama hayajafunguliwa, lijazeni maji mpaka juu kabisa ndipo mkate mfuniko. Tunajua lita 200 za maji kwa baadhi yenu ni mzigo wa punda siku nzima. Maji hayo hayo yanaweza kumiminwa kutoka pipa hadi pipa, lakini mwisho yasipewe mbuzi wala kumwagwa karibu na kisima.

Tuje kwenye hesabu. Pipa la lita 200 likinyooshwa hutoa karatasi ya chuma yenye urefu wa mita 1.8 hivi na upana wa sentimita 88 hivi, yaani mita mraba moja na nusu na kidogo. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kuta za kimo cha mita 2.2, ukitoa mlango na dirisha, kinahitaji kama mapipa 20, maana lazima karatasi zipandane. Chuma cha pipa kina unene wa karibu milimita moja, wakati bati la geji 30 halifiki hata nusu milimita. (Namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Wengi wetu tumedanganywa dukani hapo.) Lakini bati limepakwa zinki ya kuzuia kutu, na pipa lina rangi tu. Rangi hiyo ikichubuka wakati wa kunyoosha, kutu inaanza siku hiyo hiyo. Madebe ni membamba zaidi. Yanafaa banda la kuku, si nyumba ya mtu.

Je, kuta zitadumu miaka mingapi? Hapo inategemea mnaishi wapi, kwa sababu kila mahali pana adui wake. Kule Lodwar hewa ni kavu na kutu inakwenda polepole, lakini joto ndilo linalotesa. Ukuta wa chuma mtupu unageuza chumba kuwa tanuri. Huko tunashauri ukuta wa pande mbili: chuma nje, na ndani fito zilizokandikwa udongo au kuvikwa mikeka, kukiwa na nafasi ya upana wa kiganja katikati. Acheni matundu chini na juu ili hewa ya moto ipande na kutoka. Rangi nyeupe upande wa nje inasaidia sana, na upenu mrefu wa kutia ukuta kivuli unasaidia kuliko rangi.

Loiyangalani adui ni upepo. Si bure mitambo 365 ya umeme wa upepo ilijengwa upande huo wa Ziwa Turkana. Huko msipunguze misumari kwa ajili ya uchumi. Upepo ukipata pembe moja iliyolegea, utaondoka na karatasi nzima, na karatasi ya chuma inayoruka inaweza kumkata mtu. Tena kandokando ya maziwa ya magadi, udongo wenyewe unakula zinki, hivyo bati linaoza kuanzia chini. Pwani ni chumvi ya hewani. Pipa lisilopakwa rangi karibu na bahari halina maisha marefu, na bati la alumini lililopigiliwa msumari wa chuma huoza kuzunguka msumari, kwa kuwa metali mbili tofauti zikikutana penye chumvi, moja huila nyingine.

Ndiyo maana kwa watu wa Pwani tunaiangalia plastiki kwa jicho zuri. Mchwa hawaili, chumvi haiiozeshi. Mafundi wa Lamu, wakiongozwa na fundi Ali Skanda, waliunda jahazi zima la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa. Likashushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Lakini jahazi si nyumba, na hakuna anayekoka kuni kando ya mlingoti. Plastiki ikishika moto inadondoka matone yanayowaka na kutoa moshi mbaya, kwa hiyo kamwe isiwe ukuta wa jikoni. Jua nalo hulainisha ubao wa plastiki mchana na kuufanya uchakae kwa miaka. Ubao mweusi huvumilia zaidi, kwa sababu masizi yaliyochanganywa ndani huzuia mionzi, ila nao hushika joto. Ombeni kipande, kikunjeni kwa nguvu. Kikivunjika kama biskuti, mrudishieni mwenyewe. Mkipigilia, toboeni tundu refu kidogo kuliko msumari, na kati ya ubao na ubao muache nafasi. Ubao wa mita 3 unaweza kurefuka zaidi ya sentimita moja kati ya alfajiri na saa nane, na ukibanwa utapinda na kung'oa misumari.

Kuna kitu kimoja ambacho hatukipimi wala hatukijaribu. Shule na nyumba nyingi za zamani ziliezekwa kwa asbestosi, zile karatasi ngumu za kijivu zinazofanana na saruji. Zinapobomolewa, utasikia mtu anasema, "Chukueni bure, haziozi hizo." Ni kweli haziozi. Lakini zikikatwa, zikitobolewa au zikivunjika, hutoa vumbi la nyuzi ndogo ambazo macho hayazioni. Nyuzi hizo hukaa mapafuni, na ugonjwa, pamoja na saratani, unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au zaidi, wakati mtoto aliyelala chini ya ukuta huo amekuwa mzazi. Hapa Kenya asbestosi ni taka ya hatari kisheria, na kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA. Kama tayari iko kwenye boma lenu, msiivunje wala msiifagie ikiwa kavu. Iacheni kama ilivyo na mpige ripoti.

Sasa kupigilia. Anzeni na msingi wa mawe au saruji, karatasi ya chini ikae juu ya ardhi kwa sentimita 20, maana matone ya mvua na mkojo wa mbuzi ndivyo vinavyoozesha miguu ya ukuta. Karatasi ya juu ipande juu ya ile ya chini, si kinyume, la sivyo mtayakaribisha maji ndani. Kila msumari uwe na kipande cha tyubu ya baiskeli chini ya kichwa chake. Kabla ya kupigilia, sugueni kutu kwa brashi ya waya, mpake ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu pande zote mbili na kwenye kingo zilizokatwa. Vikundi vingi hupaka upande wa nje tu, halafu ukuta unaoza kutoka ndani bila mtu kuona. Baada ya hapo ndipo rangi ya mafuta.

Rangi hiyo itarudiwa kila baada ya miaka michache, na Pwani mapema zaidi. Kwa hiyo mweka hazina atenge pesa za rangi kabla ya pipa la kwanza kununuliwa. Na siku ya kwenda kwa muuzaji, nendeni wawili: mmoja wa kuhesabu, mwingine wa kuinama na kunusa kila pipa.