Maji ya Kunawa na Sinia Moja

Katika nchi zetu, tangu pwani hata bara, mgeni afikaye wakati wa chakula haulizwi kama ana njaa. Hupewa nafasi mkekani, na watu wote hula pamoja katika sinia moja. Desturi hii ni njema sana, maana huleta mapatano nyumbani na kuwafanya majirani wawe ndugu. Makala hii haikuandikwa ili kuikataza. Imeandikwa kwa sababu liko jambo moja dogo liiharibulo, nalo ni maji ya kunawa.

Tazameni jinsi ifanyikavyo katika nyumba nyingi. Kabla ya kula, bakuli moja la maji huletwa na kuzungushwa. Kwa heshima mgeni hunawa kwanza, kisha mzee wa nyumba, kisha vijana, na mwisho watoto. Kila mmoja hutumbukiza mkono, huusugua kidogo, kisha humpa mwenziwe bakuli. Maji yakimfikia mtoto yamekwisha kuwa kama maji ya majivu. Basi mtoto huyo hanawi, bali hupakwa uchafu wa wote waliomtangulia. Heshima imempa mkubwa maji safi, na aliye dhaifu kuliko wote imempa maji machafu. Kisha mikono hiyo yote huingia katika sinia moja.

Yafaa kila mtu ajue kwa nini jambo hili ni la hatari. Vidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu hutoka katika choo cha mtu, na huingia kwa kinywa cha mwingine. Havionekani kwa macho, na mtu aweza kuwa navyo asijisikie mgonjwa hata kidogo. Mwaka 1854 daktari John Snow wa London alionyesha ya kuwa kipindupindu kilienezwa na maji ya pampu moja waliyoitumia watu wa mtaa mmoja. Mwaka 1884 Mjerumani Robert Koch alikieleza kidudu chenyewe. Kwetu sisi ugonjwa huo si mgeni. Uliwaua watu wengi Unguja katika miaka ya 1869 na 1870. Tena mwaka 2015 ulizuka Dar es Salaam ukaenea mikoani, na waliougua katika mlipuko huo walipita 20,000. Bakuli la kunawia ni kama ile pampu ya London: wengi hushiriki maji mamoja, na alicho nacho mmoja huwa cha wote.

Basi tufanyeje? Dawa yake si ghali.

Kwanza, maji yamiminwe, yasichovywe. Kijana asimame na birika au kopo, amimine maji juu ya mikono ya kila mtu, na maji machafu yaangukie katika beseni. Watu wa pwani wameijua desturi hii tangu zamani, nao huihesabu kuwa ni kumtukuza mgeni. Sabuni itumiwe, na mikono isuguliwe pande zote, hata katikati ya vidole na chini ya kucha. Mahali penye shida ya maji hufaa kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililotobolewa tundu dogo, likatundikwa juu ya mti, na kufungwa kamba iliyounganishwa na kijiti cha kukanyagia. Mtu akikanyaga, dumu huinama na maji hutiririka. Wala hana haja ya kulishika kwa mkono mchafu.

Pili, vyombo. Sufuria, mwiko, kata na sahani visilale na mabaki ya chakula, maana huko ndiko waliko nzi na mende. Vioshwe kwa sabuni, visuuzwe kwa maji safi, kisha vianikwe juu ya kichanja cha miti, mahali pasipofika kuku na mbwa. Jua lenyewe hukausha vyombo vizuri kuliko kitambaa cha jikoni, ambacho mara nyingi ni kichafu kuliko sahani inayofutwa. Tena, kisu kilichokata nyama mbichi au kuku kisikate kachumbari kabla ya kuoshwa, kwa kuwa nyama itaingia motoni, bali kachumbari haiingii.

Tatu, kiporo. Wageni wakiondoka, chakula kilichobaki huachwa jikoni hata asubuhi. Katika joto, kidudu kimoja chaweza kugawanyika kuwa viwili kwa dakika 20. Kama ni kimoja tu saa mbili ya usiku, basi ikifika saa tisa ya usiku vyaweza kuwa zaidi ya 2,000,000. Chakula kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Kitakacholiwa baadaye kipozwe upesi na kuwekwa mahali pa baridi. Kisha kipashwe moto hata kitoke mvuke kote. Lakini wali una hatari yake peke yake. Vidudu fulani vya wali huacha sumu isiyoondoka hata kwa kupashwa moto. Kwa hiyo wali uliolala katika joto na utupwe. Hasara ya kisahani kimoja ni ndogo kuliko kuuguza nyumba nzima.

Huenda mtu akasema, “Wazee wetu walinawa katika bakuli moja, nao waliishi.” Ni kweli, waliishi wale waliotuzaa. Lakini kila ukoo una makaburi ya watoto waliokufa kwa kuhara, na wazazi wao hawakujua sababu. Wao hawana lawama, maana hawakuambiwa. Sisi tumekwisha kuambiwa.

Tena mgeni hataona haya wala kuchukizwa akimiminiwa maji, kwa kuwa kuna heshima kubwa zaidi katika kumtumikia mtu kuliko katika kumwachia bakuli.

Wazee na wakubwa wa vijiji, ninyi ndio mnaotazamwa. Penye arusi, matanga na mikutano, agizeni birika badala ya bakuli, na watu watawafuata. Walimu, tundikeni kibuyu chirizi karibu na choo cha shule, na watoto wataipeleka habari nyumbani. Nanyi wenye nyumba, jioni ya leo maji yakiletwa, mtazameni mtoto aketiye mwisho wa mkeka. Naye amiminiwe maji safi kama ya mgeni.