Moshi wa Jikoni ni Shauri la Chama



Wengi wetu katika kambi za mashamba ya chai na miwa tunapika, tunakula na kulala katika chumba kimoja. Tumezoea kusema moshi wa kuni ni kero ya macho tu. Sivyo. Moshi una vumbi laini kuliko unga, ambalo hupita kooni na kukaa ndani kabisa ya mapafu. Huleta kikohozi kisichokwisha, nimonia kwa watoto, ugonjwa wa moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Makaa nayo yana hila. Moshi wake ni mdogo, lakini hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Sigiri ikiachwa inawaka na mlango umefungwa, watu hulala wasiamke.

Basi kausheni kuni, pikieni nje, na sigiri isilale ndani. Lakini nani atafungua dirisha ambalo mwajiri hakulijenga? Mkataba Na. 110 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa, unataka viwango vya nyumba za wafanyakazi vitaje njia za hewa na mahali pa kupikia. Hata pale ambapo serikali haijauridhia, ni hoja nzuri mbele ya mwajiri.

Wajumbe wa matawi, mnapokwenda kujadili mishahara, andikeni na jiko katika madai yenu.