Msikiti wa Kizimkazi na ushahidi wa mawe yake

Ndugu Waislamu, wageni wengi wanaopita hapa Karatu kwenda Kreta ya Ngorongoro humalizia safari zao Unguja, na baadhi yao hufika Kizimkazi kutazama pomboo. Pale Dimbani huoneshwa msikiti mdogo wenye paa la bati, ambao kwa nje hautofautiani sana na misikiti yetu ya huku bara. Kijana wetu anayewaongoza wageni hao akiulizwa iwapo huo ndio msikiti wa Waajemi, amjibu nini muulizaji?

Jibu limo katika ukuta wa kibla. Hapo pana maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kufi iliyonakshiwa kwa maua, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Yanaeleza kuwa Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad aliamuru msikiti ujengwe mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Wataalamu wameyafananisha na michongo ya Siraf, bandari ya kale ya Uajemi katika Ghuba. (Shiraz yenyewe, ambayo Washirazi wetu hujinasibisha nayo, iko bara, mbali na bahari, wengi hulisahau hilo.)

Hata hivyo, sehemu kubwa ya jengo tunaloliona si ya zama hizo. Maandishi mengine karibu na mihrabu yanataja mwaka 1184 Hijria, sawa na 1770 au mwanzo wa 1771, ulipofanyika ujenzi mpya. Mafundi wa wakati huo, Mwenyezi Mungu awarehemu, waliyahifadhi maandishi ya wazee wao.

Na jiwe je? Matumbawe ni mali ya pwani yetu. Hutolewa baharini yangali laini na yenye unyevu, yakachongwa, kisha hukauka yakawa magumu. Mengine huchomwa yakawa chokaa. Basi hati inatukumbusha Siraf, ilhali jiwe ni la hapa.

Wapo wanaojigamba kwa nasaba ya Uajemi, na wapo wanaosema hadithi hiyo ni uzushi mtupu. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimefanya haraka. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa zamani katika miji ya pwani, ikiwemo Kilwa na Mtwapa. Ulionesha kuwa kuchanganyika kulikwishaanza kufikia takriban mwaka 1000 Miladia: wanaume waliotoka Asia, wengi wao Waajemi, walioa wanawake wa Kiafrika. Wajukuu hao ndio waliosali katika misikiti ya namna hii, na lugha yao ikawa Kiswahili, lugha ya kina mama.

Msikiti wa Kizimkazi ungali unasaliwa. Familia itakayojaaliwa kufika na iombe ruhusa, iepuke nyakati za sala, ivue viatu, kisha imsogeze mtoto wa madrasa mbele ya ukuta ule ajaribu kuisoma tarehe. Hati ya Kufi aghalabu haina nukta, hivyo asiharakishwe.