Ni nani huchuja masomo ya video kabla hayajamfikia mtoto wa Kwale?

Mzazi wa Msambweni anapomkabidhi mwanawe simu ili atazame somo la Hisabati, huwa anaamini kwamba chochote kiitwacho somo kimekwisha kukaguliwa mahali fulani. Imani hiyo ni kweli nusu. Somo lenyewe huenda limekaguliwa barabara jijini Nairobi. Yaliyolizunguka, yaani matangazo, maoni ya watazamaji na video inayofuata yenyewe bila kuitwa, yanafuata kanuni nyingine kabisa.

Suala hili liliwagusa wazazi wengi kuanzia Machi 15, 2020, siku ambayo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule kutokana na ugonjwa wa Covid-19. Wanafunzi wa Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walirejea Oktoba 12 mwaka huo. Wenzao walingoja hadi Januari 4, 2021. Katika kipindi hicho masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na kwenye YouTube. Simu iliyonunuliwa kwa ajili ya kupigia na kutumia M-Pesa ikageuka kuwa ubao wa darasa, na haijaacha kuwa hivyo.

Mwenye dhamana ya kukagua masomo ni Taasisi ya Kukuza Mitaala Nchini, KICD. Sheria ya mwaka wa 2013 iliyoiunda inaipa jukumu la kutathmini na kuidhinisha vifaa vyote vya kufundishia mtaala, viwe vya kuchapishwa au vya kielektroniki. Watathmini huuliza maswali ambayo mwalimu yeyote makini angeyauliza. Je, somo linalingana na silabasi ya gredi hiyo? Maelezo yake ni sahihi? Lugha inamfaa mtoto wa umri huo? Picha zake zinadunisha jinsia fulani, kabila, dini au watu wenye ulemavu? Kwa somo la video huongezwa swali la ufundi: je, sauti inasikika na programu inafunguka bila kukwama?

Ipo pia Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222. Hii hupanga filamu kwa umri: za kutazamwa na wote, za uelekezi wa mzazi, za miaka 16 na za miaka 18. Lakini kifumbu cha kuchujia tui hakichungi unga. Filamu inayoruhusiwa kwa watoto wote yaweza kufundisha sehemu na desimali visivyo, na hilo si kosa la bodi.

Video ikishapandishwa kwenye jukwaa la kimataifa, inaingia mikononi mwa chujio la tatu, nalo halijui lolote kuhusu silabasi ya Kenya. Septemba 2019, Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani kwa madai ya kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Kutokana na hayo, tangu Januari 2020 kila mwenye kupandisha video hutakiwa kutamka iwapo imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Akisema ndiyo, sehemu ya maoni hufungwa na matangazo yanayomlenga mtazamaji kwa tabia zake huzuiwa. Akisema imelengwa hadhira ya jumla, yote hayo yaweza kubaki wazi. Somo la Kemia la Kidato cha Tatu, kwa mfano, huenda likawekwa katika kundi la hadhira ya jumla, ingawa anayelitazama pale Ukunda ana umri wa miaka 16.

Kazi kubwa ya kuchuja hufanywa na mashine, na mashine hudanganyika. Mwaka wa 2017 iligunduliwa kwamba video nyingi zilizoiga katuni mashuhuri za watoto zilikuwa na ukatili na mambo ya aibu ndani yake, na zilipita kwa kuwa wahusika na vichwa vyake vilifanana na vya katuni halali.

Kwa lugha zetu tatizo ni zito zaidi. Chujio lililofunzwa kwa Kiingereza haliwezi kutegemewa kutambua tusi la Kidigo au Kiduruma. Kwa upande mwingine, chujio linalosaka herufi tu bila kujua neno laweza kuzuia sentensi isiyo na hatia: kitenzi 'kumaliza' huanza kwa herufi nne ambazo zikisimama peke yake hazisemwi mbele ya wakwe. Somo la mfumo wa uzazi nalo, lililomo katika silabasi, laweza kufichwa huku upuzi ukipita.

Pwani ya kusini ina sababu yake ya kulitazama jambo hili kwa jicho kali. Utafiti wa UNICEF na serikali wa mwaka wa 2006 ulikadiria kwamba kati ya wasichana 10,000 na 15,000 walikuwa wameingizwa katika biashara ya ngono maeneo ya Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Wakati huo mgeni mwenye nia mbaya ilimbidi afike ufuoni. Leo sehemu ya maoni au ya gumzo la moja kwa moja humfikisha kwa mtoto akiwa angali kwao ng'ambo. Kwa hiyo kanuni yenye uzito kuliko zote katika jukwaa la masomo huenda isiwe ile ya picha chafu, bali ile inayoamua ni nani anaruhusiwa kumwandikia mwanafunzi, na kama mtu mzima mwingine anaweza kuyasoma mazungumzo hayo.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na inataka pawe na njia ya kuthibitisha umri. Mtoto anayetumia simu ya mama yake hupita mlango huo bila kubisha: kwa jukwaa, anayetazama somo la Gredi ya Tano ni mtu mzima mwenye akaunti halali. Mwalimu anayepakua video zilizoidhinishwa na kuzionyesha darasani bila intaneti huliepuka tatizo hilo lote, ila masomo ya jioni nyumbani hayamo katika uwezo wake.